Donda na Kovu: Utangulizi wa Ukarabati wa Wanasesere wa Kale

Ukimpokea mwanasesere wa Kijerumani wa mwaka 1905 kwa mara ya kwanza, mikono yako itataka kufanya kazi kabla ya macho. Nywele zimetimka, gauni limejaa madoa, kidole kimoja hakipo, na ndani ya kichwa kuna kitu kinagongana kila unapomwinamisha. Hamu inayokuja haraka ni ya kumwosha. Utangulizi huu umeandikwa kuichelewesha hamu hiyo, kwa sababu wanasesere wengi wa kale wameharibiwa zaidi na watu waliowapenda kuliko watoto waliowaburuza sakafuni.

Katika kazi hii kuna swali moja ambalo halimwachi mtu, awe fundi wa miaka mingi au aliyeingia jana: uharibifu huu ninaouona ni donda au ni kovu? Donda bado linakula. Kutu inayotafuna kulabu ya shingo, nondo waliotaga kwenye wigi, asidi inayovuja kutoka ndani ya plastiki, lastiki iliyokauka na kukaribia kukatika: hayo yasiposhughulikiwa, mwakani hali itakuwa mbaya kuliko leo. Kovu limeshapoa. Shavu lililofifia kwa kubusiwa, kidole kilichomeguka miaka themanini iliyopita, kiraka alichotia bibi wa mtu kwa uzi usiofanana na nguo, hayo hayaendelei popote, na ndiyo yanayotuambia kwamba mwanasesere huyu alipata kuwa na mwenyewe. Madonda tunayatibu. Makovu tunayaacha, isipokuwa pale tulipo na sababu tunayoweza kuiandika kwenye daftari bila kuona haya.

Kwa kuwa wengi wa wagonjwa wetu wametoka sehemu moja ya dunia, yafaa kuifahamu. Thuringia, katikati ya Ujerumani, ni nchi ya misitu na vilima, yenye udongo wa kauri na, katika karne ya 19, yenye watu wengi maskini wenye mikono myepesi. Mji wa Sonneberg ulijulikana mapema kwa vichwa vya karatasi iliyopondwa na kuchanganywa na gundi. Baadaye viwanda vya jirani vikashika kauri. Armand Marseille aliendesha kiwanda chake Köppelsdorf, kando ya Sonneberg, na Kämmer & Reinhardt walianza Waltershausen mwaka 1886, vichwa vyao vingi vikiokwa na kiwanda cha Simon & Halbig. Vichwa vilitoka kiwandani, lakini kazi nyingine nyingi, kuanzia viungo hadi wigi na nguo, zilifanyiwa majumbani na familia nzima, watoto wakiwemo, kwa malipo ya kipande kwa kipande. Watoto hao hawakuwa wateja wa walichokishona.

Mkarabati ana haja ya kuijua habari hiyo kwa sababu ya kazi. Ukikuta mshono umekwenda upogo, au sikio moja limepakwa rangi nyingi kuliko jingine, usiharakishe kurekebisha. Huenda mkono uliofanya hivyo ulikuwa wa mtu aliyechoka saa nne za usiku, na kazi yake ni halali kabisa. Makumbusho ya wanasesere na vichezeo ya Sonneberg, yaliyoanzishwa mwaka 1901, yamehifadhi vifaa vingi vya biashara hiyo, na anayeweza kufika huko aende.

Ufaransa ilikuwa na njia yake. Nyumba ya Jumeau, iliyoanza Paris katika miaka ya 1840, iliuza wanasesere wa matajiri, wenye macho makubwa ya kioo na nguo za mtindo wa wakati huo. Ushindani wa Wajerumani, waliouza kwa bei ndogo mno, uliwabana Wafaransa hadi mwaka 1899 viwanda vyao kadhaa vikaungana kuwa kampuni moja iliyofupishwa kwa herufi S.F.B.J. Tofauti ya mataifa haya mawili utaiona hata utosini: chini ya wigi la Mfaransa mara nyingi utakuta kifuniko cha koki, na chini ya la Mjerumani, kadibodi.

Sasa tuchukue kichwa kimoja na kukisoma. Kigeuze. Kisogoni, chini ya mstari wa nywele, utakuta maandishi yaliyozamishwa kwenye kauri: jina Armand Marseille, neno Germany, namba 390, kisha herufi A na M zikiwa na tarakimu ya saizi katikati. Namba 390 ni ya kalibu, na hiyo ni miongoni mwa kalibu zilizotoa vichwa vingi kuliko zote. Neno Germany nalo lina siri yake. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa hiyo kichwa chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha 1891 au baadaye. Kisicho nalo si lazima kiwe cha zamani zaidi, maana si kila bidhaa ilikwenda Marekani. Wauzaji hupenda kulisahau hilo.

Ondoa wigi taratibu, kuanzia ukingoni. Likigoma, liache, gundi ya zamani huachia kwa unyevu kidogo na subira nyingi. Kisha zima taa ya chumba na uingize tochi ndogo ndani ya fuvu. Kauri nyembamba hupitisha mwanga, na ufa ambao jicho halikuuona mchana utajitokeza kama mstari mweusi, aghalabu ukianzia ukingo wa utosi au pembe ya jicho. Baada ya hapo tumia taa ya miale ya urujuanimno, ileile inayotumika madukani kukagua noti bandia. Chini ya taa hiyo rangi na vijazo vya mafundi wa baadaye mara nyingi hung'aa tofauti na kauri yenyewe. Shavu zima lenye mng'ao wake peke yake ni dalili kwamba mtu ameficha jambo.

Kauri hii ilichomwa kwanza kwa joto linalozidi nyuzi 1,200, haikung'arishwa, ikapakwa rangi ya ngozi na kurudishwa tanuruni kwa joto dogo. Ndiyo maana uso wake haumetimeti kama kikombe cha chai, na ndiyo maana wekundu halisi wa shavu hautoki kwa sabuni. Ukitoka, basi uliongezwa baadaye, au una mwanasesere wa bei nafuu ambaye rangi yake haikuchomwa. Hapa pana mtego unaowahusu hasa wanasesere weusi. Viwanda vya Ujerumani vilitengeneza wengi, mara nyingi kwa kalibu zilezile za watoto wa Kizungu, vikibadili rangi tu. Baadhi yao weusi wao umechomwa pamoja na kauri na hautikisiki. Wengine umepakwa juu tu, na kitambaa chenye maji kidogo kinaweza kumchubua mtoto mbele ya macho yako. Gusa kwanza nyuma ya sikio kwa kijiti chenye pamba. Subiri. Tazama pamba.

Kuhusu kitu cha kuilowesha pamba hiyo, wageni hushangaa wakiambiwa kuwa wahifadhi wa Ulaya wametumia mate kwa vizazi. Mwaka 1990 Paula Romão, Adília Alarcão na César Viana wa Ureno walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mate husafisha kweli nyuso za vitu vya kale, na kwamba kimeng'enya cha amilesi kina mchango mkubwa humo. Mwaka 2018 utafiti huo ukapewa Tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha kwanza ndipo ikafikirisha. Kwenye kauri iliyochomwa mate yanafaa sana, mradi uyafuatishie maji safi.

Donda linaloua wanasesere wengi kuliko yote limefichwa kiwiliwilini. Mwili wa Kijerumani wenye viungo vya mpira na kikombe umeshikwa na lastiki tupu: kitanzi kimoja hupita kifuani kuunganisha mikono, na kingine hutoka miguuni, kikapanda ndani ya kiwiliwili hadi kwenye kulabu ya kichwa. Lastiki huzeeka. Hukauka, hulegea, na siku moja hukatika mwanasesere akiwa ameketi rafuni pasipo kuguswa na mtu. Kichwa kinachoanguka kutoka rafuni kinatosha kuwa habari ya mwisho. Kwa hiyo kubadilisha lastiki ndiyo kazi ya kwanza tunayomfundisha mwanafunzi, na hakuna mwenye akili anayeiita uharibifu wa asili ya kitu.

Namna yake ni hii. Mlaze mwanasesere juu ya taulo nene, kichwa kikiwa kimeshikwa na mtu wa pili ikiwezekana. Kata lastiki ya zamani huku umeizuia, isiruke. Piga picha mpangilio wa kulabu kabla ya kutoa chochote. Kwa mwili wa sentimita 45 hivi, lastiki ya mviringo ya milimita 3 kwa kawaida inatosha. Mvuto ndio ufundi wenyewe: mkono ukiuinua ubaki ulipouacha, kichwa kigeuke bila kulia, na shingo isisagane na kikombe chake. Wanaoanza hukaza mno, wakidhani kukaza ndiyo uimara, na ukingo wa shingo humeguka. Kipande chembamba cha ngozi laini kikizungushwa ndani ya kikombe cha shingo huokoa kauri nyingi.

Macho ya kufumba na kufumbua ni mashine ndogo. Mboni mbili za kioo zimeunganishwa kwa waya wenye uzani wa risasi, na waya huo unacheza kwenye vipande vya plasta ndani ya fuvu. Plasta ikiachia, uzani unakuwa nyundo. Ule mgongano tuliousikia mwanzoni huenda ndio huo. Ndiyo sababu mwanasesere mwenye macho haya hulazwa kifudifudi anaposafirishwa au kuhifadhiwa. Uzani utulie, usipige.

Kisha gundi, mahali ambapo pana ugomvi mwingi. Kanuni ya fani yote ya uhifadhi, siyo yetu tu, ni kwamba lolote unaloongeza liweze kuondolewa na atakayekuja baada yako. Ndiyo maana wahifadhi wengi hutumia Paraloid B-72, akriliki inayoyeyuka kwa asetoni leo na itakayoyeyuka kwa asetoni baada ya miaka mingi. Supagluu ya dukani hushika kwa sekunde chache, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: kipande kikikaa vibaya kwa nusu milimita, kila kinachofuata kitakaa vibaya zaidi, na kukibandua ni kazi ya siku nzima yenye hatari. Epoksi ni imara lakini nyingi hugeuka njano. Nikikuta mpasuko ulioungwa vibaya na gundi ya wanyama ya mwaka 1920, hufurahi, kwa kuwa maji ya vuguvugu huilainisha. Nikikuta epoksi, huagiza chai.

Baada ya kuunganisha huja kishawishi cha kuficha. Ufa mwembamba usoni hushusha bei ya mwanasesere wa Jumeau vibaya sana, na wapo mafundi wanaoweza kuupulizia rangi hadi usionekane tena. Kazi yao ni ya ajabu kwa mkono na ya hovyo kwa nia, hasa wanapopaka uso mzima ili kuficha mstari wa sentimita mbili. Msimamo wangu ni kwamba rangi ya kujazia ikae ndani ya mpasuko pekee, isipande juu ya kauri nzima, na muuzaji aandike kwamba ipo. Asiyekubali hilo ajiite mpambaji.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Kabla makumbusho hayajaanza kuzungumza juu ya maadili, kulikuwa na hospitali za wanasesere. Ile ya Lisbon, katika uwanja wa Praça da Figueira, imekuwapo tangu mwaka 1830. Napoli ina yake ya mwishoni mwa karne ya 19, na Sydney ina yake tangu 1913. Hospitali hizi zilihudumia watoto, na mtoto hataki falsafa. Anataka mguu urudi. Daktari wa wanasesere alibadilisha jicho, akapaka mdomo, akamrudisha mgonjwa nyumbani kabla ya Krismasi. Leo tunakuta kazi zao ndani ya vitu tunavyoviita vya asili, na nyingi ni kazi nzuri. Ukimkarabatia mtu anayetaka kumpa mjukuu wake, fuata hospitali. Ukimkarabatia mtu anayetaka kujua jinsi kitu kilivyotengenezwa, fuata makumbusho. Swali la kwanza kwa mteja liwe: huyu atakwenda kukaa wapi?

Nje ya kauri, sheria hubadilika ghafla. Wanasesere wa unga wa mbao na gundi, waliotawala Marekani kati ya vita viwili vya dunia, hawastahimili maji hata kidogo. Mwanasesere wa Shirley Temple aliyetolewa na kampuni ya Ideal mwaka 1934 ni wa aina hiyo. Kiini chake hunywa unyevu na kuvimba, rangi ya juu haivimbi, na baada ya misimu kadhaa uso unajaa mipasuko midogo isiyohesabika. Kwa msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja, adui si vumbi. Ni hewa yenyewe. Unyevu wa karibu asilimia 50 usiopandapanda na kushuka ndio unaotakiwa, na katika mwambao hilo halipatikani bila mashine au, kwa uchache, kabati lisilogusa ukuta wa nje.

Nta haitaki joto, na sitaongeza mengi juu ya hilo. Wanasesere wa nta wa London waliotengenezwa na familia za Montanari na Pierotti ni wazuri mno na si wa kuanzia kazi.

Seluloidi ni hatari kwa mtu, si kwa kitu peke yake. Imetengenezwa kwa nitrati ya selulosi na kafuri, inashika moto kwa kasi ya kutisha, na inapozeeka hutoa gesi zenye asidi zinazokula chuma na nguo zilizo karibu. Kampuni ya Mannheim iliyotengeneza wanasesere wengi wa aina hii ilichagua kobe kuwa alama yake, ishara ya uimara. Mtenge mwanasesere mwenye kobe mgongoni na wenzake, mpe hewa, usimfungie kwenye kisanduku kisichopumua, na asetoni isimkaribie, maana itamyeyusha.

Vinaili huenda ndiyo msomaji wetu ataikuta mapema zaidi, kwa kuwa wanasesere wa miaka ya 1970 na 1980 hujitokeza katika mitumba ya Gikomba na Karume kwa bei ya soda. Wana maradhi yao. Vilainishi vilivyochanganywa kwenye plastiki hupanda juu na kuifanya ngozi inate, na mfuko wa plastiki huzidisha hali hiyo. Barbie wa mwanzo, aliyezinduliwa New York mwaka 1959, hupata ukijani masikioni pale hereni zake za chuma chenye shaba zilipokutana na vinaili. Ondoa hereni kwanza. Hilo ndilo donda. Doa lenyewe ni kovu, na wanaolifuta kwa krimu ya chunusi mara nyingi hubaki na sikio jeupe badala ya la kijani.

Nguo zinahitaji kitabu chake. Nitasema moja tu: hariri nyingi za mwishoni mwa karne ya 19 ziliongezwa uzito kwa chumvi za metali, zikawa zinapasuka kwa mikunjo bila kuguswa. Hazifuliki. Zishikiziwe kwenye wavu mwembamba wa hariri na zisibadilishwe kamwe na gauni jipya, hata kama jipya linapendeza. La zamani likiwa haliwezi tena kuvaliwa, linakaa ndani ya kisanduku kimoja na mwenyewe.

Mipaka ya fani hii inaonekana vizuri zaidi nyumbani kuliko Thuringia. Miongoni mwa Wazaramo, Wakwere na jirani zao wa Pwani, mwana hiti, gogo dogo lenye kichwa kilichochongwa kwa mtindo wa nywele zilizogawanyika, alikabidhiwa mwali akiwa ndani. Alipakwa mafuta na kutunzwa kama mtoto. Mafuta yale yaliyogandamana na kuwa meusi si uchafu, na shanga zilizopungua si hitilafu ya kujazwa. Atakayeleta pamba na mate hapo ameosha nusu ya kitu. Vinyago vya aina hii vilivyokaa muda mrefu katika makumbusho ya Ulaya vina hatari nyingine: zamani makumbusho yalizoea kupulizia mikusanyo yake dawa za wadudu zenye aseniki, kwa hiyo shika kwa glavu hadi kipimwe. Kuhusu kama mwana hiti akarabatiwe au la, mwenye kauli ni jamii yake, na fundi huuliza kabla ya kufungua mkoba.

Kwa anayeanza, nashauri atafute kichwa kilichovunjika cha kalibu ya kawaida, au mwanasesere wa vinaili wa mitumba, na daftari. Andika kwa penseli ulichokikuta, ulichokifanya na gundi uliyotumia, na nakala ikae ndani ya kisanduku, si kwenye simu. Aliyeachwa na bibi yako asiwe wa kwanza. Mzungushie karatasi isiyo na asidi, mlaze kifudifudi kama ana macho ya kufumba, umrudie ukishakarabati wengine wasio na mwenyewe.